Miraba 40 ya Diablo II

Katika Diablo II, gemu la kompyuta la Blizzard la mwaka 2000 ambamo unaua mazimwi na kuokota vitu, deraya inakula miraba sita ya mkoba. Mkuki mrefu unakula minane. Mkoba mzima una miraba 40, mistari minne ya kumi kumi, na humo humo hugombea nafasi kitabu cha kufungulia njia ya mjini, mchemraba wa Horadric (kisanduku cha kugeuzia vitu) unaokalia miraba minne, na hirizi ambazo hazikusaidii kitu mpaka uzibebe. Kila kinachoanguka chini kinakulazimisha kuchagua.

Wanaosema gemu hili limepitwa na wakati huanzia hapo hapo. Usumbufu wa namna hiyo, wanasema, ulivumilika mwaka 2000 kwa kuwa hatukujua kingine, na anayelicheza leo anatafuta ujana wake. Hawakosi ushahidi. Hadithi ni ile ile mara tatu, kwa ngazi za ugumu za Normal, Nightmare na Hell, kisha unamrudia bosi mmoja, yaani zimwi kuu, hata mara mia. Huko Hell mazimwi mengi hayaguswi kabisa na aina fulani ya shambulio, kwa hiyo Sorceress, mhusika mchawi wa kike, aliyeweka kila kitu kwenye barafu anagonga mwamba. Na ukikosea kugawa pointi za ujuzi, dawa ilikuwa kuanza mhusika mpya. Nafasi ya kuzigawa tena ilikuja na toleo la 1.13, mwaka 2010. Hilo silitetei. Lilimwadhibu mgeni kwa kutojua jambo ambalo gemu lenyewe halikumwambia.

Lakini kama ni ujana tu, Diablo III ingetosha. Ilitoka Mei 2012, kutoka kampuni ile ile, ikiwa na picha nzuri zaidi na mkoba usiosumbua. Ikaleta soko la mnada, ambako uliweza kununua silaha kwa dhahabu ya gemu au kwa pesa halisi. Kwa karatasi lilikuwa wazo la busara: wachezaji wa Diablo II walikuwa wakiuziana vitu vichochoroni kwa miaka, na wakitapeliwa, basi biashara iletwe mahali pa wazi.

Fikiria kilichompata mchezaji. Anapigana saa tatu, anaokota upinde wa kuridhisha, anafungua soko, anakuta upinde bora kuliko wake ukiuzwa kwa bei ya chee. Kuanzia hapo zimwi linageuka kibarua cha kutafutia nauli ya sokoni. Upinde haukuwa mbovu. Ulichokosa ni safari ya kuupata. Mwaka 2013 Blizzard wenyewe walikiri kwamba soko linahujumu kiini cha gemu, yaani kuua mazimwi ili upate vitu vizuri, na tarehe 18 Machi 2014 likafungwa. Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi, kwa sababu sijui jaribio jingine lililoonyesha wazi hivyo kwamba ugumu wa kupata kitu ni sehemu ya kitu chenyewe. Waliondoa usumbufu, na utamu ukaondoka nao.

Linganisha na kumwinda Mephisto, mmoja wa mabosi wa Diablo II. Sorceress anamvuta hadi ukingo wa mfereji, anaruka ng'ambo, anamshambulia kutoka kule asikofika. Mephisto anapoanguka, vitu vinamwagika, na katikati ya kelele unasikia mlio mwembamba wa pete ikigonga sakafu. Unausikia kabla hujaiona. Jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, lakini linasema "pete" tu. Mpaka uifungulie karatasi ya utambuzi hujui ni Nagelring, ambayo kila mtu anayo, au ni Stone of Jordan, pete adimu inayotafutwa na wote.

Stone of Jordan iligeuka kuwa pesa. Dhahabu ya gemu ilikuwa na kikomo cha kubeba na haikununua chochote cha maana, wakati pete hii ilitamaniwa na kila mtu na ilikalia mraba mmoja tu. Bei za deraya zikatajwa kwa idadi ya pete. Kisha walaghai wakagundua namna ya kuzinakili, na mfumuko wa bei ukafuata kama kwenye uchumi wowote unaochapisha noti ovyo. Toleo la 1.10 la mwaka 2003 likaweka jibu ninaloliheshimu hadi leo: wachezaji wakiwauzia wafanyabiashara wa Hell pete za kutosha, Diablo wa pekee anatokea kwenye seva, na anayemuua anapata hirizi ya Annihilus. Watu wakateketeza pete zao kwa hiari. Baadaye runi, vijiwe vya kupachika kwenye silaha na deraya, zikachukua nafasi ya pete, nazo zinakaa kwenye mraba mmoja mmoja.

Kuna wanaolifananisha na mashine ya kamari, na mvuto kweli una undugu. Ila Diablo II ulilinunua mara moja, na hakuna dirisha la kulipia jaribio lijalo. Diablo Immortal, gemu la simu la mwaka 2022 la ukoo huo huo, iliweka dirisha hilo, na haikutolewa Ubelgiji wala Uholanzi, ambako sheria za masanduku ya bahati nasibu ni kali.

Resurrected, yaani Diablo II iliyochorwa upya, ilipotoka Septemba 2021, kitufe kimoja kilikurudisha kwenye picha za mwaka 2000, kwa kuwa chini yake hesabu ni zile zile. Sanduku la mjini lilipanuliwa, dhahabu ikawa inajiokota. Waliondoa pia uwezo wa kuunganisha kompyuta moja kwa moja bila seva zao, na kwetu wenye intaneti ya kukatika katika hiyo ni hasara halisi. Mkoba hawakuugusa, ingawa wapo walioomba hirizi zitengewe mahali pake.

Hirizi kubwa inakalia miraba mitatu ya wima. Anayetaka nguvu kamili anaweza kubeba kumi, na mistari mitatu ya juu inajaa kabisa. Unabaki mmoja wa chini, unaotosha pete na runi. Siku deraya yenye jina la dhahabu ikianguka mbele yake, hirizi mbili lazima zishuke chini, na ujuzi ziliouongeza unashuka nazo. Nafasi zinayoacha ni miraba sita, mbili kwa tatu, saizi kamili ya deraya.