Skrabu ya kipande ipimwe kwa joto la Lamu

Video za skrabu ya kipande zimejaa kila mahali. Mtu anayeyusha siagi ya kakao na mafuta ya nazi, anatia sukari, anakoroga, anaweka kwenye friji, na baadaye anatoa kitu kigumu cha kupendeza. Ukijisugua nacho bafuni kinatoa taka na kukuachia mafuta papo hapo. Sina ugomvi na kitu chenyewe. Nakipenda, nakitengeneza, na dada zangu hawaachi kunimalizia. Ugomvi wangu ni na vipimo, maana vimeandikwa na watu ambao mafuta yao ya nazi huchotwa kwa kijiko.

Kwetu Lamu mafuta ya nazi humiminwa. Yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo karibu mwaka mzima ni majimaji chupani. Siagi ya kakao huanza kulegea kwenye nyuzi 34 na huwa imeyeyuka yote ikifika 38. Ndiyo sababu inasimama ikiwa kwenye sahani na kulainika ikigusa ngozi. Sasa chukua kile kipimo cha nusu kwa nusu cha nchi za baridi, utengeneze kipande, ukiache kwenye dirisha la bafu mwezi wa Machi, upepo umekufa na mabati yamepata moto. Adhuhuri utakuta mafuta yanaelea juu na sukari imekaa chini.

Kinachookoa ni nta ya nyuki, ambayo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 60. Wala si bidhaa ya kuagiza mbali. Waboni wa upande wa bara wa kaunti yetu wanajulikana tangu jadi kwa kurina asali, na penye asali pana nta. Itakuja na uchafu na harufu ya moshi. Iyeyushe na maji, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu, kisha uikaushe vizuri kabla ya kuitumia. Mimi ule moshi kidogo haunikeri. Anayetaka nta nyeupe isiyonuka kitu ataipata madukani Mombasa kwa bei yake.

Vipimo vyangu nimevigawa kwa misimu. Wakati wa kusi, kukiwa na ubaridi ubaridi, natia nta gramu 25, siagi ya kakao gramu 40 na mafuta ya nazi gramu 35. Kaskazi, msimu wa joto, ikiingia napandisha nta hadi 30 na kakao hadi 45, na nazi nabakiza 25. Kwa kila gramu 100 za mafuta hayo natia sukari gramu 50 na kijiko kimoja cha chakula cha singo kavu, ule unga wa kunukia wa kusingia mwili. Tumia mizani, nta iliyoparwa haikai kwenye kikombe sawasawa na mafuta ya maji. Na usivutwe kupandisha nta zaidi ya theluthi kwa kuogopa joto, kwani kipande kitasimama wima lakini mwili utabaki unanata, na ukitoka nje vumbi lote la vichochoroni utalibeba wewe.

Wapo wanaopenda siagi ya shea. Ile ya kaskazini mwa Uganda ni nzuri sana kwa ngozi, lakini ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Basi iingie mahali pa mafuta ya nazi. Ukiitia mahali pa kakao utarudi kwenye matatizo ya Machi.

Kutengeneza si kazi. Sufuria ndogo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, nta kwanza, kakao ikifuata, kisha epua ndipo utie mafuta ya nazi. Sehemu ambayo watu huiharakisha ni ya mwisho. Chembe zikitiwa mafuta yakiwa moto huzama zote chini, ukapata kipande cha nta juu na msasa chini. Subiri mafuta yaanze kuwa mazito na kufifia rangi, ndipo utie sukari na singo, ukoroge, umimine kwenye trei ya barafu. Friji inasaidia, kwa sababu kakao na shea zikipoa polepole hufanya punje punje. Stima ikipotea, weka trei juu ya maji baridi uende ukafanye mengine.

Sasa hii habari ya singo. Nimeona vipande vinauzwa kwa wageni vimeandikwa singo, na ndani ni sukari guru na manukato ya chupa. Hapo sinyamazi. Singo ni unga wa vitu vya kunukia: liwa (unga wa msandali), mawaridi makavu, maganda ya chenza yaliyokauka, karafuu kidogo, na kila nyumba ina yake isiyoyasema. Hukorogwa kwa marashi, bibi harusi akapakwa mwili mzima, ikaachwa ikaukie, kisha anasuguliwa kwa viganja mpaka inadondoka pamoja na nongo. Mafuta huja baadaye, ngozi ikiwa imeshakuwa tupu. Huo mpangilio una akili yake: unga mkavu hushika nongo na kuivuta. Ukishatia mafuta, chembe zinateleza juu ya ngozi. Zinasugua, ndiyo, lakini hazing'oi. Kwa hiyo kipande, hata ukitia singo halisi ndani, kinafanya nusu ya kazi ya singo na nusu ya kazi ya mafuta. Kwa siku za kawaida, mtu ametoka kazini ana dakika kumi za kuoga, nusu mbili hizo zinatosha kabisa. Kwa harusi na kwa Idi, mwiteni somo, yaani kungwi, na mtwange singo.

Liwa nayo tuulizane inatoka wapi kabla ya kulipa. Msandali wa Kenya ulikatwa na kung'olewa hadi mizizi, serikali ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingia chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Muuzaji asiyejua kuni yake ilikotoka, mpite. Kwenye kipande liwa chache inatosha, maana nta na kakao vina harufu zao. Nafasi iliyobaki jaza unga wa mchele uliochekechwa vizuri.

Machicha ya nazi je? Ni skrabu ya bure ambayo sisi tunawatupia kuku. Ukikuna nazi ukakamua tui, chukua yale machicha ujisugue nayo saa ile ile, na hutahitaji kitu kingine. Kuyatia kwenye kipande ni jambo jingine. Yana maji, na maji ni adui wa kipande. Bila maji ndani hakihitaji dawa ya kuhifadhi. Yakiingia, ukungu unafuata. Yaanike mpaka yakatike yakibanwa kwa vidole, au yaache.

Ndimu sitii kabisa. Ngozi yenye maji ya ndimu ikikutana na jua hili inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki nyingi. Baking soda nayo, ingawa video zinaipenda, ina ukali wa magadi na ngozi ina uchachu wake mwepesi, unauharibu bure. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huchoma. Na zile skrabu za kiwandani za zamani zilizokuwa na vijipunje vya plastiki, Marekani ilizipitishia sheria mwaka 2015 na Uingereza ikazikataza mwaka 2018, mwaka ule ule ambao hapa Lamu jahazi la Flipflopi lilishushwa majini likiwa limeundwa kwa plastiki iliyookotwa. Ukikuta chupa ya namna hiyo imelala dukani, iache ilale.

Kuhusu kutumia, mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Oga kwanza kwa sabuni, kisha ukiwa bado na maji mwilini zungusha kipande taratibu kwenye miguu, viwiko, mikono na mgongo. Uso usiuguse, kakao huziba vinyweleo. Uliponyoa leo, palipoungua na jua na penye kidonda, pitia mbali. Suuza kwa maji ya vuguvugu, jifute kwa kugusagusa, mafuta yabaki. Nyumba yenye birika, lile tangi la maji la kujengwa bafuni, oga mbali nalo na kata ya kuchotea iwe safi, samaki wanaowekwa humo wale viluwiluwi vya mbu hawana haja na mafuta yako. Ukimaliza mwaga maji ya moto na sabuni sakafuni kabla hajaingia mama mzee, kwa sababu panateleza vibaya, na nta ikiganda kwenye bomba utamlipa fundi. Vipande vilivyobaki viweke kwenye kopo lenye kifuniko. Sisimizi wa Lamu wanaijua sukari hata ukiificha kwenye nta.

Kila kipande kiwe kidogo, cha kuoga mara moja au mbili, mkono wenye maji usirudi koponi kila siku. Wanaouza vipande hivi huko Shela nawaomba waandike kilichomo na tarehe, kwa Kiswahili pia. Na kwa anayempelekea ndugu zawadi Nairobi, tengeneza kwa kipimo cha kaskazi hata ikiwa ni Julai, kwa sababu kabla ya ile baridi kuna joto la buti la basi kutoka Mokowe, gati ya bara tunakopandia basi. Kikifika huko kitakuwa kigumu sana. Mwambie akishike chini ya maji ya moto kidogo kabla ya kujisugua.