Redio Ilitulia Kweli, na Injini Nayo Ikatulia

Naona yule dereva wa tuktuk niliyemdhania swahiba ameshaimwaga video kwenye kila kundi la WhatsApp kuanzia Barani mpaka Watamu, na maelezo ameweka ya kwake: eti mzee mmoja alitaka kumchinja dereva wa harusi juu ya daraja la Sabaki. Mzee hakutaka kunichinja. Angalau si wakati ule. Lile jambia mnaloliona lilikuwa na kazi nyingine, na mkitulia nitawaeleza, maana nimechoka kupigiwa simu na watu wa Mombasa wanaoniuliza kidonda kinaendeleaje.

Gari mnalijua. Lile Peugeot 504 jeupe la marehemu babu, la kabureta na distributa, si haya magari yenu yanayofikiri kwa kompyuta. Mwili mzima, injini nzima, viti vimekaa. Aibu yake ilikuwa redio. Ukiwasha tu, inaanza "miiii", ukikanyaga mafuta inapanda "MIIIII", ukiachia inashuka nayo, kama mbu aliyefungiwa nawe ndani ya chandarua. Na chini ya hiyo miii kuna nyingine, "tka-tka-tka-tka", inayokwenda sambamba na injini. Ya kwanza ni altaneta, ile inayochaji betri. Ya pili ni cheche za plagi. Kati yao anakuwepo mtangazaji, maskini, anajaribu kusoma habari.

Sasa Ami yangu akaja nyumbani kunipa heshima kubwa: gari la kumpeleka bwana harusi Mambrui, akidi ya ndoa baada ya magharibi, litakuwa langu. Nikamshika mkono, nikashukuru. Akavaa viatu, akafika mlangoni, akageuka.

"Ila hiyo redio, mwanangu. Kijana wetu hatakwenda kuoa kwenye gari lenye jini."

Nikamwambia, "Ami, niachie mimi."

Na nilianza vizuri, hilo mnipe. Niling'oa waya wa eriali nyuma ya redio huku injini inanguruma. Tka-tka ikapotea, miii ikabaki. Basi hapo umeshajua: tka-tka inaingia kwa eriali, miii inapita kwenye waya wa umeme. Hamkutegemea, eh? Mlidhani mimi ni wa kubahatisha tu. Eriali nikaifungua kwenye madigadi, chini yake kutu tupu. Pwani hii chumvi inakula hata msumari uliofichwa kabatini. Na ganda la waya wa eriali lisiposhika ethi, yaani chuma kitupu cha bodi, sawasawa, waya wenyewe unageuka mtego wa kelele zote za injini. Nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, nikapaka grisi, nikakaza.

Miii nayo nikaifuata kwake. Altaneta hutoa umeme wa kwenda na kurudi, daiodi zake zinaunyoosha uende upande mmoja, lakini haunyooki wote. Vinabaki viwimbi vidogo, redio inavipokea na kuvipigia vigelegele. Kitu kinachovimeza vizuri ni betri. Kwa hiyo nikautoa waya wa redio kwenye swichi ya ufunguo, nikauvuta moja kwa moja hadi kwenye betri, na fyuzi yake hapo hapo karibu na ncha ya betri, kama inavyotakiwa. Ile fyuzi nikaizungushia tepu nyeusi, safu juu ya safu juu ya safu, chumvi isiione. Wekeni hiyo tepu akilini.

Matokeo yake ni kwamba redio haikuwa tena na habari na ufunguo. Unazima gari, unatoa ufunguo, unakwenda kulala, yenyewe inaongea tu. Nikawa naizima kwa kitufe chake. Kisha kitufe kikang'oka. Ikabaki njiti ya chuma, unaizungusha kwa koleo. Wekeni koleo pia akilini.

Ikawa imebaki tka-tka kidogo, ya mbali. Dawa yake inajulikana: plagi zenye rizista ndani, zile ambazo mara nyingi zina herufi R kwenye namba, au waya za plagi za kaboni badala ya shaba, au kondensa ndogo ya kumeza kelele kwenye koili, ile inayokuza umeme wa cheche. Plagi ni pesa. Waya ni pesa. Kondensa niliipata bure kwenye gari bovu lililolala kwa fundi mpaka mpapai umeota kwenye kiti cha dereva. Koili ina ncha mbili. Nikachagua iliyokuwa karibu na mkono.

(Mafundi mlio humu, najua mmeshaanza kucheka. Subirini wenzenu.)

Nikawasha. Gari likakohoa, likakataa, likakubali. Na redio, jamani! Nikasikia mtangazaji akimeza mate. Nikamwita mama aje asikilize. Nikamwita jirani. Nyinyi wa Lamu mnaopanda punda hamwezi kuielewa furaha ile, punda hana altaneta.

Siku yenyewe Ami akakaa mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka inakwaruza. Bwana harusi nyuma, joho, kilemba, na lile jambia la urithi kiunoni. Kabla hatujaondoka Ami akaniambia niongeze sauti, kulikuwa na kasida. Nikaongeza kwa koleo. "Ongeza." Nikaongeza. "Sasa umetengeneza kitu, mwanangu." Nikaliweka koleo juu ya ukuta ili nifunge buti, maana sinia za halua hazikuwa zinaenea. Kasha langu la vyombo nalo nikalishusha, kwa sababu hiyo hiyo ya halua. Koleo hadi leo mama analitumia kuepulia sufuria.

Njiani gari lilikuwa linakatakata. Ami akauliza mbona tunarukaruka, nikasema ni mafuta. Bwana harusi akauliza, nikasema ni barabara. Kila niliposingizia kitu, redio iliitikia kwa usafi usio na doa, nami nikawa najiambia maadamu redio iko sawa, gari liko sawa.

Katikati ya daraja la Sabaki injini ikafa.

Haikutoa moshi wala mlio. Ilikufa kistaarabu. Gari likajiburura kidogo, likasimama, madirisha yote wazi, mto unapita chini na rangi yake ya chai ya maziwa, na redio inapiga kasida kwa sauti ya juu kabisa na safi kuliko siku yoyote tangu babu alinunue gari lile. Bila shaka ilikuwa safi. Injini ilikuwa maiti, kelele itoke wapi?

Nikapiga stata. Chege-chege-chege. Hakuna. Nikapiga tena. Nyuma yetu tuktuk za wapambe zimesimama. Nyuma ya tuktuk, basi la Mokowe. Nyuma ya basi, lori la mchanga. Upande wa pili nao watu wameona harusi, wamesimama kutazama.

Hapo kasida ikaisha, na mtangazaji akasema, kwa utulivu mkubwa, kwamba sasa ni wakati wa matangazo ya vifo.

Nilinyoosha mkono nizime. Mkono ukakuta njiti. Niliibana kwa vidole, ikateleza. Niliibana kwa ncha ya kanzu, ikateleza. Niliinama nikaishika kwa meno, naam, kwa meno, mbele ya bwana harusi, na ikazunguka! Ikazunguka kushoto? Hapana. Ikazunguka kulia. Sijui ilitoa wapi sauti zaidi lakini ilitoa. "...AMEFARIKI BAADA YA KUUGUA KWA MUDA MFUPI. HABARI ZIWAFIKIE NDUGU NA JAMAA POPOTE WALIPO."

Ami ni mtu wa dini. Akisikia amefariki mtu, hawezi kunyamaza. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mtangazaji akaja na wa pili. "Inna lillahi." Wa tatu. "Inna lillahi. Zima hiyo redio."

"Nazima, Ami."

Nikatoa ufunguo. Redio ikaendelea. Ami akautazama ufunguo mkononi mwangu, akaitazama redio, akanitazama mimi. Bwana harusi akashuka, akaenda kuketi kwenye ukingo wa daraja na joho lake lote. Hakuzimia. Aliketi.

Kwenye basi watu wameshatoa vichwa madirishani. Wanachokiona ni gari lenye maua, bwana harusi ameketi chini ameshika kichwa, mzee anasoma istirja, na spika inataja marehemu. Mama mmoja akashuka na buibui lake, akaja mpaka dirishani akanishika bega. "Pole mwanangu. Ni bwana harusi?" Nikamwambia bwana harusi yule pale, mzima. Akasema, "Basi ni bibi harusi. Ya Rabbi." Akarudi garini analia, na basi zima likaanza kulia. Bodaboda aliyekuwa pembeni akasikia, akawasha, akaondoka mbio kuelekea Mambrui. Huyo nitamkumbuka.

Nikafungua boneti. Mawazo yangu: toa fyuzi, redio inakufa. Fyuzi ile pale. Ndani ya tepu. Nikaanza kuibandua kwa kucha. Ukibandua safu moja, chini yake iko nyingine, tena hii imeungana na mwenzake kwa joto la injini na imekuwa lami. Ncha ya betri inataka spana. Spana iko kwenye kasha. Kasha liko nyumbani. Mtaniuliza mbona sikuukata waya. Niukate na nini? Meno nilikuwa nimeshayatumia. Mtangazaji sasa amefika kwenye "mazishi yatafanyika kesho saa nne", na mimi nina kipande cha tepu chenye urefu wa ukucha, kimegandia kidole gumba, hakitoki.

Nikasikia nyuma yangu sauti ya chuma kikitoka alani.

Nikageuka. Ami amelichomoa jambia kiunoni kwa bwana harusi na anakuja, kanzu inapepea, macho mekundu, anasema kwa sauti ya chini, "Sogea." Basi lote likapiga ukelele. Hapo ndipo video ya yule swahiba inapoanzia, na ndiyo maana mnaniona nimenyoosha mikono juu. Ningefanyaje? Ningeuliza maswali?

Ami akanipita. Akaitia ncha ya jambia ndani ya tepu, jambia lililovaliwa na baba yake na babu yake, akapasua mara moja, akaingiza vidole viwili, akaitoa fyuzi. Kimya. Mpaka mto ukasikika. Akaitazama ile fyuzi, akaitia mfukoni mwa kanzu, akalirudisha jambia kwa mwenyewe, akapanda gari, akafunga mlango.

Yaliyobaki si mengi. Tulisukuma, na nawaambia wapambe wamevaa mivao ya elfu kadhaa wote walisukuma, haikusaidia kitu. Utingo wa lori la mchanga akaja, akachungulia, akauliza, "Hiki nacho kinafanya nini hapa?" Kumbe kondensa ya redio hukaa kwenye ncha ya koili inayoingiza umeme kutoka kwenye ufunguo. Mimi nimeifunga kwenye ile inayokwenda kwenye distributa, ambako kila pointi, vile vibati vya kukata na kuunga umeme, zinapofunguka umeme unaruka kwa nguvu kubwa kuliko kondensa ile inavyoweza kustahimili. Njia nzima ilikuwa inadhoofisha cheche, ndiyo kukatakata kule, na ndiyo sababu tka-tka ilipungua: nilipunguza kelele kwa kupunguza moto. Juu ya daraja ikapasuka ndani, ikapeleka umeme wote kwenye bodi, pointi zikawa zinafunguka bure. Akaivuta waya wake, akaitupa mtoni. "Piga." Injini ikawaka mara moja, haina haya.

Mambrui tulifika tukakuta mkeka umetandikwa wa msiba na si wa harusi. Wakaugeuza. Akidi ikasomwa baada ya isha. Mama mkwe hajanisalimia, lakini halua alikula.

Tangu hapo nimenunua kondensa mpya, nimeifunga kwenye ncha inayostahili, na nimetia plagi zenye rizista. Pesa zimetoka, sina la kusema. Redio sijaijaribu, maana fyuzi ni ile ile na anayo Ami. Madukani zipo, ndiyo, lakini nani anunue nyingine halafu Ami apite asikie? Jana baada ya laasiri nikamsubiri mlangoni mwa msikiti. Nikamwamkia, akaitika vizuri, akaniuliza habari za mama. Nikajikaza, nikamwambia, "Ami, samahani, nilikuwa naulizia ile fyuzi."

Akasimama, akaniwekea mkono begani kwa huruma kabisa.

"Kwani umefiwa?"