Gitaa kavu: pikapu au maiki?

Ubishi wa pikapu (kifaa kinachofungwa kwenye gitaa lenyewe kuchukua sauti yake) na maiki kwa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, huendeshwa mara nyingi kana kwamba swali ni moja tu: kipi kinatoa sauti nzuri zaidi? Kwa swali hilo maiki inashinda, na sidhani kuna haja ya kubishana. Sauti ya gitaa kavu haitoki mahali pamoja. Ubao wa mbele unatetema, hewa inaingia na kutoka kwenye tundu, kucha zinakwaruza nyuzi, na vyote hivyo hukutana hewani kabla ya kulifikia sikio. Maiki inavipokea vikiwa vimeshakutana. Iweke sentimita 25 au 30 mbele ya freti ya 12 (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) na utapata karibu kile anachosikia mtu aliyekaa mbele ya mpigaji. Ielekeze kwenye tundu lenyewe na utaletewa ngurumo.

Lakini maiki haichagui. Inasikia gitaa, ngoma, mwimbaji na spika kwa pamoja. Fundi mitambo akipandisha gitaa ili lisikike juu ya bendi, sauti ya spika inarudi kwenye maiki ileile, inakuzwa tena, na mluzi unaanza. Mpigaji naye akisogea nyuma kidogo tu, sauti inapungua. Ukiongeza umbali kutoka sentimita 30 hadi 60, unapoteza takriban desibeli 6.

Hapo ndipo pikapu inapojipatia heshima yake. Ile ya piezo, yaani inayogeuza mgandamizo kuwa umeme, inayokaa chini ya kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kwenye daraja, inapokea mgandamizo wa nyuzi zaidi kuliko hewa. Mpigaji anaweza kugeuka, kutembea na kuimba, gitaa likabaki palepale kwenye mchanganyiko. Gharama yake inajulikana: ukipiga kwa nguvu, kila noti inaanza na mlio mkali wa kiplastiki ambao gitaa lenyewe halina.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya lawama hiyo inaiangukia pikapu wakati kosa liko kwenye uunganishaji. Piezo isiyo na priampu, kikuza sauti kidogo cha mwanzo, inahitaji kuingia kwenye kifaa chenye ukinzani wa angalau megaomu 1. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, ambako tundu la kawaida la kuingizia laini lina ukinzani wa takriban kiloomu 10 tu, besi inamezwa na unabaki na mkwaruzo. Mtu anabadilisha pikapu mara mbili, mara tatu, na tatizo linabaki, kwa sababu alichokosa ni priampu nzuri. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, ningeanza na hiyo.

Pikapu ya sumaku, inayobanwa kwenye tundu, ni laini zaidi masikioni na hustahimili kelele za jukwaa. Inasikia nyuzi za chuma tu, kwa hiyo mwenye nyuzi za nailoni haimfai.

Wala pikapu haina kinga kamili dhidi ya ule mluzi wa spika. Spika zikiwa na nguvu, mwili wa gitaa wenyewe hutetema. Kwenye magitaa mengi makubwa, hewa ya ndani huitikia karibu na hezi 100, yaani kati ya noti ya Sol na La za chini. Kuziba tundu kwa kifuniko cha mpira, au kupunguza kwenye mikisa masafa hayo machache tu, husaidia kuliko kukata besi yote.

Wapo wanaosema tumia vyote viwili. Sawa, ila mawimbi yana hesabu yake. Sauti inachukua karibu milisekunde 0.9 kufika kwenye maiki iliyo sentimita 30 mbali, wakati ya pikapu inafika papo hapo. Ukizichanganya kwa viwango sawa, zinafutana karibu na hezi 570, katikati kabisa ya mwili wa sauti. Ndiyo maana watu huunganisha viwili wakashangaa gitaa limekonda.

Studio ni rahisi zaidi. Chumba kikiwa kimya, rekodi kwa maiki, na pikapu iwe na njia yake pembeni kama akiba. Ukilazimika kuitumia, icheleweshe kidogo hadi mawimbi yake yalingane na ya maiki, kisha iache chini ya maiki. Chumba kikiwa na mwangwi mbaya au kelele za barabarani, hapo ningeipa pikapu kazi kubwa zaidi, hata kwenye rekodi.