Umaskini wa Bibi Nimeurithi Mimi

Mtu akipita mbele ya nyumba yetu hapa Mkomani, kisiwani Lamu, akauona ukuta uliopakwa chokaa na mlango uliochongwa, atadhani wajukuu wa nyumba hii tunakula raha. Basi na aingie. Atakuta friji ambayo ami yangu, mfanyakazi wa bandarini Mombasa, alimletea Bibi, na ataikuta imezimwa, kwa sababu Bibi huizima kila baada ya sala ya isha kwa hoja kwamba usiku hakuna anayekula. Jiko la gesi limefunikwa kanga kama bi harusi. Tunapikia makumbi na vifuu, na macho yangu ndiyo yanayolipia moshi. Godoro nene limo ndani ya nailoni yake ya dukani likingoja wageni, nami hulala mkekani kando yake, hali paka wa mtaani, ambaye hajachangia hata shilingi, hulilalia bila kumwomba mtu ruhusa.

Nikinung'unika, naanziwa historia. Sikatai kwamba Bibi aliteseka. Alizaliwa Langoni katika nyumba ya makuti, baba yake akikata boriti za mikoko na kulipwa kwa korija, yaani kila boriti 20, na chungu cha nyumbani kikitegemea majahazi yaliyoshuka kutoka Arabuni na kaskazi na kurejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti hizo. Majahazi yakishaondoka, mama yake alisuka ukili mchana na usiku. Yeye na dada yake waligawana doti moja ya kanga, kila mmoja kipande chake, na siku ya kufua wote wawili hawakutoka nje. Ninachokataa ni hesabu ya samaki. Nilipokuwa mdogo, walikula changu mmoja watu sita. Nilipomaliza shule, changu alikuwa amekwisha kuwa dagaa na walaji wamefika tisa. Juzi niliomba kuongezewa mchuzi, nikaambiwa kwamba walikuwa kumi na wawili, na dagaa mwenyewe hakuwa na kichwa.

Neema ilikuja kwa sindano. Alishona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, kofia moja ikimchukua miezi, na mwaka 1982, serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti ng'ambo na nyumba nyingi zikayumba, yeye aliendelea kusomesha wanawe, ambao baadaye walimnunulia nyumba hii ya mawe. Mtu mwingine angekaa akajinyoosha.

Bibi hakai. Kila zinapoingia shilingi 2,000 za Inua Jamii, ambazo serikali huwapa wazee waliotimiza miaka 70, yeye huzigawa siku hiyo hiyo kwa wale anaowaita maskini wa mtaa, ambao mmoja wao ana nyumba ya wageni ya ghorofa kule Shela. Akimaliza huniita kwa upole, "Ndoo, mwanangu," yaani njoo, kisha hunikopa pesa za sukari na za tokeni za umeme, umeme ule ule anaouzima. Nikimkumbusha deni, huanza upya kuwahesabu ndugu zake.

Sasa ami ametuma mashine ya kufulia. Imefika Mokowe, upande wa bara, lazima ivushwe kwa mashua, na kutoka gatini wa kuisukuma kwa mkokoteni katika vichochoro hivi ni mimi. Bibi ameniuliza jambo moja tu kuihusu: kama katoni yake ni nzima, maana anataka pa kuwekea makumbi.