Nepal inakulazimisha utembee na mwongozaji. Sawa, ila siku za kupumzika umezinunua?

Kuanzia Aprili 1, 2023 bodi ya utalii ya Nepal ilitangaza kwamba mgeni hatembei tena peke yake milimani, lazima awe na mwongozaji mwenye leseni kupitia kampuni iliyosajiliwa, na kadi ya TIMS (ya usajili wa watembeaji) ya rupia 2,000 anaipata kwa njia hiyohiyo. Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Mpaka leo watu wakikaa kupanga safari ya Himalaya mjadala unaanzia hapo, kwamba hii ni janja ya kampuni za Kathmandu kukamua watalii, basi. Kule Khumbu, njia ya kwenda Everest Base Camp, halmashauri yenyewe ilikataa kuifuata na watu wanaendelea kutembea peke yao, na hapo wapinzani wamepata hoja tamu sana: kama kweli ni usalama, mbona njia maarufu kuliko zote haihusiki?

Swali zuri hilo, na sijaona serikali ikilijibu vizuri. Ila naona tunabishania kitu kidogo tunaacha kikubwa.

Tuanze na wapinzani maana sio wabishi tu. Mwongozaji kwa kawaida ni dola 25 mpaka 35 kwa siku, mpagazi pungufu kidogo ya hapo, zidisha kwa siku 15 au zaidi, na wewe unatoka Dar au Nairobi tiketi imeshakutoboa mfuko, hapo ndo unaelewa kwa nini mtu anakasirika. Afu kuna suala la ubora, mtu anaweza kuwa na leseni safi kabisa na bonde unalokwenda hajawahi kulikanyaga, kazi yake ikawa kutangulia mbele na simu na kukuagizia dal bhat, wali na dengu, jioni. Na kuna watu, hasa wanawake wanaosafiri peke yao, ambao kutembea wiki mbili na mwanaume wasiyemjua aliyepangwa na ofisi sio usalama hata kidogo, na hilo silibishi.

Lakini hoja yao nzito kuliko zote wenyewe huwa hawaitumii. Daktari David Shlim, aliyeendesha kliniki ya CIWEC pale Kathmandu kwa miaka mingi, yeye na wenzake walichambua vifo vya watembeaji Nepal vya miaka ya 80 mpaka mwanzoni mwa 90, wakakuta wengi waliouawa na ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kushindwa kuzoea hewa nyepesi ya juu, walikuwa kwenye makundi yaliyopangwa. Yaani makundi yenye kiongozi na wapagazi na kila kitu. Sio wale wa kujibebea begi na kujitembelea.

Matokeo hayo nimeyageuza sana kichwani, kwa sababu ukiyasoma haraka unasema haya, mwongozaji hana faida, tumemaliza. Sasa jiulize, kwenye kundi ni nini kinaua? Anayetembea peke yake kichwa kikimuuma kijiji fulani analala hapohapo siku mbili, nani atamuuliza? Wa kwenye kundi anaona wenzake wanafunga mabegi saa moja asubuhi, ndege ya kurudi imeshakatwa, jamaa kumi wanamwangalia yeye, anameza panadol anasema niko fiti twende. Kinachoua pale ni ratiba. Na ratiba haikuandikwa na mwongozaji, iliandikwa Kathmandu na ofisi iliyokuwa inashindana bei na ofisi ya jirani, na wewe mteja ukachagua ya siku 12 ukaacha ya siku 15 kwa sababu ilikuwa nafuu. Mwongozaji anapewa karatasi iliyokwisha sainiwa. Kumlaumu yeye ni sawa na kumlaumu konda kwa ruti aliyopangiwa na tajiri wa basi.

Tuchukue safari moja ya kweli tuipange, kuzunguka mlima Manaslu pamoja na bonde la Tsum, kaskazini kabisa mpakani na Tibet. Huko ubishi wa 2023 hauna maana, ni eneo la vibali maalumu na kwa miaka mingi sheria imetaka uwe na mwongozaji. Tsum yenyewe ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2008 tu. Unatoka Kathmandu kwa jipu mpaka Machha Khola, chini kabisa, hata mita 1,000 haifiki, unapanda na mto Budhi Gandaki, Jagat wanakagua vibali, ukimaliza Tsum unarudi kushika njia kuu, Namrung, Lho, Samagaon kama 3,530, Samdo kama 3,860, Dharamsala 4,460, halafu unaamka usiku kuvuka Larkya La, njia ya kupita kati ya milima, ambayo ni zaidi ya 5,100, na unashuka Bimthang siku hiyohiyo. Kule juu hewa unayovuta ina oksijeni kama nusu na kidogo ya ile ya Tanga au Mombasa.

Kanuni ya madaktari inajulikana, ukishapita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne pumzika. Angalia sasa Samdo mpaka Dharamsala. Ni mita 600 kwa mruko mmoja, na katikati hakuna pa maana pa kulala. Dawa yake ni kukaa Samdo usiku wa pili, mchana unapanda kidogo kutalii unarudi kulala chini. Na huo usiku wa pili Samdo ndio ofisi za bei rahisi zinaufuta kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mteja akisoma ratiba anaona "kupumzika Samagaon" tayari ipo, hii nyingine ya nini, kijiji chenyewe kidogo hakina hata cha kupigia picha siku nzima.

Siku hiyo inagharimu nini? Mwongozaji 30, mpagazi 20 na kitu, chakula na kitanda. Mkiwa wawili mnagawana. Halafu kuna kitu kinanikera na sijaona mtu akikisema: kibali chenyewe. Manaslu msimu wa Septemba mpaka Novemba ni dola 100 kwa siku 7 za kwanza, ukizidisha ni dola 15 kila siku. Tsum ni dola 40 kwa wiki halafu 7 kwa siku. Yaani serikali hiyohiyo inayosema lazima mwongozaji kwa ajili ya usalama wako, inakutoza faini ukitembea polepole! Dola 15 sio hela ya kumzuia mtu aliyekwisha lipa safari nzima, najua, ila kaa ofisini uone ratiba zinavyopangwa, siku za kibali zinahesabiwa kama za jela na kila mmoja anatafuta pa kubana. Wangetoa siku mbili za kupumzika bure kwenye kibali, wangeokoa watu kuliko tangazo lolote.

Kwa nini basi bado niko upande wa mwongozaji? Kwa sababu ugonjwa wa mwinuko ukifika kwenye ubongo mgonjwa mwenyewe hajui. Anapepesuka kama mlevi, anaongea mambo yasiyoeleweka, ukimuuliza anakwambia nimechoka tu nataka kulala. Ukifika kwenye mapafu anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, usiku unazidi. Dawa ya yote mawili ni kushuka, haraka, hata kama ni saa nane za usiku na baridi kali nje. Uko peke yako Dharamsala, nani atakuvalisha viatu? Kliniki za mwinuko za Himalayan Rescue Association ziko Pheriche na Manang, mabonde mengine kabisa. Mtu pekee aliyekuona jana jioni ukiacha chakula nusu, na juzi ukicheka vizuri, ni yule mnayelalamika kumlipa dola 30. Programu ya ramani kwenye simu itakuonyesha njia, haitakuona wewe.

Na huyo mtu akiwa mwenyeji wa Nubri (bonde lenye Samagaon na Samdo) au Tsum ni kitu kingine kabisa. Watu wa huko wana lugha zao za jamii ya Kitibeti, Kinepali tu hakikufikishi kwenye kila jiko. Anajua Oktoba loji zikijaa ni nyumba ya nani ina kitanda, anajua mteremko upi unaporomosha mawe mvua ikinyesha, na atakwambia mapema kwamba Tsum waliapa tangu 1920 kutochinja wala kuwinda, usifike kijijini unaulizia kuku.

Kuna uchafu pia, tusifiche. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza biashara ya helikopta za uokoaji, ikaonekana mtalii mwenye kichwa kinachouma kidogo anashawishiwa aite helikopta, bima inalipa maelfu ya dola, na kamisheni inagawanywa kati ya kampuni, hospitali na waongozaji wenyewe. Hii ndio sababu watu wengi hawawaamini tena na siwezi kuwalaumu. Ila mtu anayelipwa kidogo kwa siku na anayepata mgao mkubwa ukiugua, nani alimweka hapo? Bei ya chini ndio inamfanya atafute kwingine. Na wala mwongozaji hakukingi na kila kitu. Oktoba 2014 dhoruba ya theluji ilipiga Thorong La, kwenye njia ya kuzunguka Annapurna, watu wasiopungua 43 walikufa eneo lile, na wenyeji na waongozaji walikuwemo.

Sasa ninyi mliopanda Kilimanjaro, maana najua mpo na ndio mnanibishia zaidi. Mnasema tumefika 5,895 hii ya 5,100 ni nini. Njia ya Machame unaanzia kama 1,800, usiku wa nne uko kambi ya Barafu kwenye 4,600 na ushei, kanuni ya mita 500 imevunjwa vibaya, lakini unafika kileleni na siku hiyohiyo unashuka kulala Mweka. Mlima unakupandisha na kukushusha kabla mwili haujajua umefanyiwa nini, na wengine wanaugua hukohuko, waulizeni wagumu wa Moshi, wapagazi, wamebeba wangapi. Manaslu unalala juu ya 3,500 usiku baada ya usiku, na ukishavuka Larkya La ukaugua upande wa pili, ulikotoka hakurudiki kirahisi.

Kwa hiyo mkiwa mnaandikiana na ofisi ya Kathmandu, kabla ya bei ulizeni ratiba ina usiku mbili Samagaon na mbili Samdo au haina, na kuna siku moja ya akiba kabla ya ndege au hakuna. Ulizeni mwongozaji amevuka Larkya mara ngapi na anatoka wapi. Analipwa sawa mkirudi siku ya nane bila kuvuka? Hilo liandikwe. Bima iwe ya kwenu, inayotaja helikopta na mita zaidi ya 5,000, na namba yao ya dharura muwe nayo ninyi, sio ofisi. Ofisi ikisema siku ya pili Samdo haina ulazima, wateja wengi hawaichukui, tafuteni ofisi nyingine, Thamel, mtaa wa watalii pale Kathmandu, zimejaa.