Swali la mama wa Kibirizi

Agosti 2021, mwaloni Kibirizi, Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake juani alimsimamisha kijana wa uhamasishaji wa chanjo ya korona, ugonjwa ambao mwanzoni mwa mwaka huo wengi waliuita "changamoto ya upumuaji". "Mwanangu, mie mwezi wa pili niliugua hiyo changamoto ya upumuaji, nusura mnizike. Nikapona. Surua ikishamtoka mtoto hairudi. Sasa hii sindano yenu inanikinga na nini tena?" Kijana akajibu alivyofundishwa: hakuna ushahidi kwamba aliyepona ana kinga. Mama akaguna, akarudi kwa dagaa wake.

Watu wa aina yake tuliwapachika jina la wapotoshaji. Kwangu mimi, swali lake lilikuwa na sayansi nyingi kuliko jibu alilopewa.

Sentensi ile ya kijana ina historia. Tarehe 24 Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka mfupi kuzionya serikali zilizofikiria kuwapa waliopona vyeti vya kinga. Humo likasema hakuna ushahidi, kwa wakati huo, kwamba mtu mwenye kingamwili (protini za damu zinazopambana na kirusi) hataambukizwa tena. Kesho yake tu likalainisha kauli: linatarajia wengi walioambukizwa watapata kinga ya kiasi fulani. Masahihisho hayo sijui yalishukia Tabora, maana Kigoma ilifika sentensi ya kwanza peke yake, na miezi kumi na sita baadaye bado ilikuwa inatumika.

Na tatizo ni maneno yenyewe. Maabara, "hakuna ushahidi" maana yake hatujamaliza kupima. Ugonjwa ulikuwa na miezi minne tu tangu ujulikane. Mtaani hayo ni maneno ya mahakamani: hakuna ushahidi, kesi imefutwa, nenda nyumbani. Mtaalamu anasema "bado", msikilizaji anasikia "hapana". Huyu msikilizaji ameuguza na kuugua, ana mwili wake kama shahidi, anaambiwa shahidi wake hafai. Ukimfanyia hivyo mara moja, siku nyingine hata ukisema kweli tupu atakuguna vilevile.

Wataalamu nao walikuwa na hofu ya haki. Waliogopa watu wasije wakautafuta ugonjwa kwa makusudi ili wapate kinga, na kinga ya kuugua bei yake ni kuugua kwanza. Mwaloni wote wanaosema "nilipona" wamepona. Waliokufa hawapo kubishana. Tena kuna mji wa Manaus, Brazil. Watafiti walikadiria kwamba kufikia Oktoba 2020 robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa, ikadhaniwa moto umekosa kuni. Januari 2021 wimbi la pili likaja na kirusi kilichobadilika, hospitali zikaishiwa oksijeni. Hilo silipuuzi.

Ila hofu ya haki haimpi mtu ruhusa ya kupima ukweli kwa kibaba. Desemba 2020 Anthony Fauci, aliyekuwa mtaalamu mkuu wa magonjwa ya kuambukiza wa serikali ya Marekani, aliliambia gazeti la New York Times kwamba makadirio yake ya watu wanaotakiwa kuwa na kinga ili ugonjwa uzimike aliyapandisha kidogo kidogo, kutoka asilimia 60 au 70 hadi kukaribia 85. Sababu moja ni utafiti mpya. Nyingine, alikiri, ni kuona kwamba wananchi sasa wako tayari kuisikia namba yenyewe. Hapo mwenye mashaka ana kosa gani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo hapahapa. Nani Kigoma hajui malaria? Mtu mzima aliyekulia huku huipata mara kwa mara, ikamlaza siku mbili akainuka. Akiishi Ulaya miaka kadhaa akarudi, inamwangusha kama mgeni. Kinga ipo, haizuii yote, na inachakaa. Korona nayo ikaja kuonekana hivyo hivyo. Februari 2023 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 65 kutoka nchi 19: miezi kumi baada ya kuugua, kinga dhidi ya kuambukizwa tena na Omicron, kirusi kilichobadilika cha baadaye, ilishuka hadi asilimia 36 hivi, lakini dhidi ya kulazwa au kufa ilibaki karibu 89. Mama alikuwa sahihi kwamba ana kinga. Alichokosea ni mfano: alishika surua.

Wiki chache baada ya swali lake, muuguzi mmoja alipita mwaloni, akamwambia hivyo hivyo. Mama, kinga unayo, ila hii haifanani na surua, inafanana na malaria. Sindano inakuongezea kabla ya uliyonayo haijachakaa. Mama akauliza ni sindano ngapi. Ile ya Janssen ni moja tu, akaambiwa. Akafuta magamba ya dagaa kwenye khanga, akakunja mkono wa blauzi.