Bogoria Si Safari ya Saa Sita Mchana

Wengi waendao Ziwa Bogoria, Kenya, hufika Loburu, penye chemchemi za maji moto, jua la utosi, wakachemsha mayai, wakapiga picha, wakageuza gari kurudi Nakuru. Wanaukosa uhondo. Chemchemi zile hutokota usiku na mchana, lakini mvuke huonekana vizuri hewa ikiwa na baridi. Jua la Baringo likishawaka, mvuke uleule hupotea kabla haujapanda, ukabaki unatazama madimbwi. Alfajiri ufuo mzima hufuka kama jiko la kuni mbichi. Basi lala huko, hata usiku mmoja.

Wazo la kuoga liache nyumbani. Hii si chemchemi ya Chemka ya Kilimanjaro, ambako watu hujirusha majini kwa kamba. Ziwa liko kama mita 990 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 97 hivi. Baadhi ya macho ya chemchemi yanakaribia hapo. Lakini anayeogopa dimbwi tu ameogopa nusu ya hatari, maana nusu nyingine iko ukingoni. Madini hujenga ganda jeupe linalofanana na saruji iliyokauka, kumbe chini yake pana uvungu wa maji au tope linalochemka. Ukiona ganda limelowa, linafuka, au linatoa mlio wa kitu kitupu chini ya kiatu, rudi kwa nyayo zako zilezile. Vaa viatu vya kufunga, si slipasi. Mtoto ashikwe mkono, si kuitwaitwa kwa mbali. Upepo nao ukigeuka hukufunika kwa mvuke usione unakokanyaga. Simama hapohapo mpaka upite.

Akiungua mtu, mvue kiatu, soksi na pete upesi, kisha mmiminie maji baridi safi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga wa ngano havihitajiki. Ndiyo sababu gari liwe na mtungi wa lita 20 usioguswa kwa kupikia, mbali na lita 5 za kila mtu kwa siku. Maji ya ziwa na ya chemchemi ni ya magadi na yana floridi nyingi. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Chumvi hubaki, tena huzidi kukolea. Jaza mitungi na petroli mjini Marigat.

Na mayai? Yatie kwenye neti ya vitunguu, uifunge kwenye fito ya mita mbili, uzamishe dakika 10 hadi 12. Neti ikikatika, mayai ni ya chemchemi, asiyafuate mtu. Maganda urudi nayo. Kusema kweli, yai la sufuria lina ladha ileile.

Tangu ziwa lianze kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, limemeza chemchemi kadhaa na vipande vya barabara, kwa hiyo ramani ya zamani itakudanganya. Ulizia getini kama njia ya kusini inapitika kabla ya kupanga kulala kambi ya Fig Tree, penye mikuyu na kijito cha maji baridi. Chukua pia mwenyeji wa kukuongoza. Hii ni ardhi ya Waendorois, waliohamishwa ilipofanywa hifadhi mwaka 1973, na mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatoa uamuzi kwamba walidhulumiwa. Pesa ya mgeni ianze kwao.

Kambini, kivuli cha mkuyu kitakuvutia, lakini usisimamishe hema chini ya matawi yenye matunda: nyani huja kuyala kukipambazuka, na wakinusa mkate ndani watapasua kitambaa. Chakula kilale garini, vioo vikiwa vimefungwa. Mbu wapo na malaria ipo, kwa hiyo hema lisilo na wavu mzima halifai. Udongo una mawe, vigingi vyembamba hupinda. Beba vya chuma au funga kamba kwenye mawe makubwa.

Kisha tazama kingo za kijito. Nyasi na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka vinaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Hema likae juu ya mstari huo, hata kama kwako mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua ya milimani hushuka usiku bila tone kuanguka kambini. Ukisikia mawe yakigongana kijitoni, au maji yakibadilika rangi ghafla, panda juu na watu wako. Hema liache.